Visiwa vya Komoro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Komoro ikitajwa kwenye taarifa ya habari, mara nyingi ni mapinduzi, boti iliyozama au timu ya mpira. Baada ya hapo huja maswali, na karibu yote yanafanana. Nimelelewa Unguja na bibi Mngazija, mtu wa kisiwa cha Ngazija huko Komoro, kwa hiyo mengine nilianza kuyasikia kabla sijajua kusoma. Nimeyakusanya hapa. Mengine yanatosha mistari miwili, mengine hayaelezeki kwa ufupi bila kumdhulumu mtu.

Komoro iko wapi hasa?

Shuka na pwani kutoka Mtwara, vuka mdomo wa Ruvuma uingie Msumbiji, kisha geuza macho mashariki. Katikati ya bahari, kabla hujafika Madagaska, utaviona visiwa vinne vikubwa vilivyoibuka kwa volkano: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Wafaransa waliviita Grande Comore, Mohéli, Anjouan na Mayotte, na ramani nyingi bado zinatumia majina hayo. Jina Komoro lenyewe latokana na Kiarabu, Juzur al-Qamar, visiwa vya mwezi.

Visiwa vitatu vinavyotawaliwa na serikali ya Moroni vina takriban kilomita za mraba 1,860. Ukiunganisha Unguja na Pemba unapata eneo kubwa kuliko hilo. Wakazi wake ni kama 850,000, na ardhi inayolimika ni haba, kwa hiyo watu wamebanana. Mji mkuu ni Moroni, upande wa magharibi wa Ngazija. Mji mkubwa wa Nzwani ni Mutsamudu, na wa Mwali ni Fomboni.

Kwa nini Tanzania tunawaita wote Wangazija?

Kwa sababu waliohamia Zanzibar kwa wingi walitoka Ngazija, na jina likawafunika wote. Mtu wa Nzwani hapendi kuitwa Mngazija, na ana haki: kisiwa chake kilikuwa na sultani wake, mji wake wa mawe na lahaja yake. Ukitaka kumtaja mtu bila kumkosea, sema Mkomoro, halafu muulize kisiwa.

Zanzibar ya zamani ilijaa athari zao. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Itsandra huko Ngazija mwaka 1861, alikuwa kadhi mkubwa wa Zanzibar, na mwanawe Umar akashika njia hiyo hiyo. Walimu, makarani na masheikh wa Kingazija walikuwa sehemu ya mji. Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1968 serikali ya Zanzibar iliwahesabu kuwa si raia, na wengi wakapoteza kazi serikalini. Familia nyingi zina kumbukumbu ya mwaka huo ambayo hawaizungumzi mbele ya wageni.

Nikienda na Kiswahili, nitaelewana nao?

Utaelewana kwa sehemu. Kikomori na Kiswahili ni lugha ndugu wa mama mmoja, zote zimo katika kundi la lugha za Kibantu liitwalo Sabaki, lakini Kikomori si lahaja ya Kiswahili. Kina matamshi na msamiati wake, na kila kisiwa kina namna yake. Mtu wanamwita *mndru*, watu *wandru*. Visiwa ni *masiwa*, neno ambalo wazee wa Kiswahili wanalijua. Nyumba, kwa Kingazija, ni *dago*. Kwetu dago ni kambi ya wavuvi wanaolala ugenini kufuata samaki, na kila nikilisikia nawaza jinsi neno moja lilivyosafiri na kutulia.

Tahadhari ndogo: *marahaba* kwao ni asante. Mtu akikuambia marahaba baada ya kumpokea mzigo, hakujibu shikamoo ambayo hukuitoa.

Lugha rasmi ni tatu: Kikomori, Kifaransa na Kiarabu. Kifaransa ni cha ofisini na shuleni, Kiarabu ni cha dini na chuoni. Wafanyabiashara wengi, hasa wa Ngazija, wanazungumza Kiswahili vizuri kwa sababu ya safari zao za Dar es Salaam na Zanzibar.

Ngazija ina mvua nyingi, mbona watu wanalia maji?

Kwa sababu ya mwamba. Ngazija ni changa kijiolojia, imefunikwa na mawe ya volkano yenye matundu, na mvua ikinyesha inapotelea chini papo hapo. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu. Tangu zamani watu walijenga mabirika ya kukinga maji ya paa, na kijijini utajiri wa nyumba ulipimwa pia kwa birika lake.

Nzwani ni kinyume chake: milima mikali, mabonde, na mito. Lakini misitu imekatwa kwa mashamba, na kwa kuni za kukeneka mafuta ya mlangilangi, ua la manukato, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa inakauka kiangazi. Mwali, kidogo kuliko vyote, ndicho kilichobaki na kijani zaidi. Mwaka 2001 ilianzishwa huko hifadhi ya bahari, na katika ufuko wa Itsamia kasa hupanda usiku kutaga mayai, huku wanakijiji wenyewe wakiwalinda.

Mlima Karthala ni hatari?

Ni volkano hai, yenye urefu wa mita 2,361, na iko juu ya vichwa vya watu wa Ngazija, Moroni ikiwa chini yake. Mwaka 1977 zaha, mawe ya moto yaliyoyeyuka, ilishuka na kukifunika kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ililipuka mara mbili. Mlipuko wa Novemba ulimwaga majivu yaliyoharibu maji ya mabirika, na hapo ndipo ulipoumiza watu zaidi ya moto wenyewe: katika kisiwa kisicho na mito, birika likichafuka huna pa kwenda.

Ni kweli samaki wa kale amepatikana huko?

Kweli. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na madinosaria, alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na ikabainika kuwa wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote na kumwita *gombessa*. Wavuvi wa Tanga nao wamemvua mara nyingi tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Timu ya taifa ya mpira ya Komoro inajiita kwa jina lake. Mwanzoni mwa 2022, katika Kombe la Mataifa ya Afrika la kwanza kwao, iliifunga Ghana 3–2. Hatua iliyofuata ikakutana na wenyeji Cameroon bila kipa, beki akavaa glavu, na wakafungwa 2–1 tu. Unguja mtaani kwetu hakulala mtu.

Ni visiwa vitatu au vinne?

Hapa ndipo penye kiini cha historia yote ya nchi hii, kwa hiyo nivumilie.

Kabla ya ukoloni havikuwa nchi moja. Kila kisiwa kilikuwa na masultani wake, na Ngazija peke yake ilikuwa na kadhaa waliokuwa wakipigana wao kwa wao. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzo wa ya 19 walivamiwa na mitumbwi ya wateka watumwa kutoka Madagaska. Mwaka 1841 Andriantsoly, Mmadagaska aliyekuwa akitawala Maore, aliwauzia Wafaransa kisiwa hicho. Vile vitatu vilivyobaki viliingizwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886. Huko Ngazija, mfanyabiashara na mtaalamu wa mimea Léon Humblot alishaingia mkataba na Sultani Said Ali mwaka mmoja kabla, akajitwalia ardhi kubwa mno, na watu wakawa vibarua katika mashamba yaliyokuwa ya babu zao. Mwaka 1912 visiwa vyote vinne vilifungwa pamoja na koloni la Madagaska. Vilitenganishwa nalo mwaka 1946.

Makao ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, huko Maore. Mnamo miaka ya mwisho ya 1950 uliamuliwa uhamisho kwenda Moroni. Linaonekana jambo dogo la ofisi na mafaili, lakini Maore iliondokewa na ajira na hadhi kwa mpigo. Wanawake wa huko, wakiongozwa na akina Zéna M'Déré, walianzisha upinzani wa aina yake: kiongozi akitumwa kutoka Moroni walimzingira na kumtekenya mpaka akakimbilia boti yake. Walichotaka ni kubaki na Ufaransa ili wasitawaliwe na Moroni.

Desemba 22, 1974 ikapigwa kura ya maoni. Kwa jumla, zaidi ya 90% walitaka uhuru. Maore, karibu 64% walikataa. Ufaransa ilikuwa imeahidi kuhesabu visiwa vyote kama nchi moja, kisha ikageuka na kusema itahesabu kisiwa kimoja kimoja. Julai 6, 1975 Ahmed Abdallah, mtu wa Nzwani, hakungoja tena: akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro ikiwa na visiwa vinne. Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama kuzuia azimio la kuilaumu, na siku chache baadaye ikaendesha kura yake Maore, ambapo zaidi ya 99% walisema wanabaki.

Basi jibu: kwa katiba na bendera ya Komoro ni vinne, na nyota nne zipo pale kwenye hilali. Kwa mamlaka yanayofanya kazi, ni vitatu. Msimamo wangu ni kwamba watu wa Maore walisema walichokitaka na hilo halifutiki, lakini mkoloni aliyebadilisha kanuni ya kuhesabu kura baada ya kuzihesabu hawezi kujiita msuluhishi.

Mapinduzi yamekuwa mangapi?

Hesabu inayozoeleka ni zaidi ya 20, ukijumlisha yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Kwa nini mengi hivi? Nchi ilianza ikiwa imekatwa robo, haina jeshi la maana wala fedha, na mkoloni wa jana akiwa bado na kambi jirani. Kundi la watu thelathini wenye bunduki lilitosha kuangusha serikali, na lilijulikana kuwa linatosha.

Ali Soilih alikuwa nani? Wengine wanamsifu, wengine wanamlaani.

Wote wana sababu. Alikuwa mtaalamu wa kilimo. Agosti 3, 1975, chini ya mwezi mmoja baada ya uhuru, kundi lake lilimpindua Ahmed Abdallah kwa msaada wa mamluki Mfaransa, Bob Denard. Januari 1976 akawa rais.

Aliitaka nchi mpya mara moja. Alifukuza watumishi wa serikali kwa maelfu, akateketeza nyaraka za utawala, akagawa madaraka hadi vijijini katika vituo vilivyoitwa *mudiria*, akapiga marufuku sherehe za gharama na buibui. Alizungumza na watu kwa Kikomori kwenye redio, si Kifaransa, na wapo wazee wanaokumbuka hotuba zake neno kwa neno kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza rais kuwaambia jambo kwa lugha yao. Lakini utekelezaji alikabidhi vijana wadogo wa Commando Moissi, na vijana wale waliwapiga na kuwadhalilisha wazee mbele ya watu. Katika jamii ambayo mkubwa hapitwi bila kuamkiwa, hilo halikusameheka.

Ufaransa nayo ilikuwa imeondoa wataalamu na fedha zake ghafla. Desemba 1976 yakatokea mauaji ya Wakomoro huko Mahajanga, Madagaska. Zaidi ya 1,000 waliuawa, na maelfu wakarejeshwa nchi ambayo haikuwa na chakula cha kuwapa. Wengi waliletwa kwa ndege za shirika la Sabena, na mpaka leo wao na watoto wao wanaitwa Sabena.

Usiku wa kuamkia Mei 13, 1978 Bob Denard alirudi kwa meli na mamluki wapatao 50, safari hii kumwondoa yule yule aliyemweka. Mwisho wa mwezi Ali Soilih aliuawa. Ahmed Abdallah, aliyepinduliwa 1975, akarudishwa madarakani na mtu aliyemsaidia adui yake kumpindua.

Huyo Bob Denard aliishi huko kweli?

Aliishi, akaoa, akasilimu na kuitwa Said Mustapha Mahdjoub. Kwa zaidi ya miaka kumi walinzi wa rais, mamia ya askari, walikuwa chini ya maofisa wake wa Kizungu, na mishahara ilitoka Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliyohitaji mahali pa kupitishia biashara na silaha wakati wa vikwazo. Nchi ya Kiislamu, mwanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ililindwa kwa fedha za makaburu. Wakomoro wa kawaida hawakuulizwa.

Novemba 1989 Ahmed Abdallah aliuawa kwa risasi ofisini mwake usiku, Denard akiwa pale pale. Denard alishtakiwa Paris baadaye na mwaka 1999 akaachiwa huru. Septemba 1995, akiwa na umri wa miaka 66, alirudi tena kwa boti za mpira na watu kama thelathini, akamkamata Rais Said Mohamed Djohar. Safari hii Ufaransa ilituma jeshi, ikamtoa baada ya siku chache. Alikufa Ufaransa mwaka 2007.

Kwa nini Nzwani ilijitenga mwaka 1997?

Njaa ya mshahara na wivu wa haki. Watumishi walikaa miezi bila kulipwa. Mapato yalikwenda Moroni, bandari ikiwa Mutsamudu. Na kilomita 70 tu ng'ambo ya bahari, Maore iliyobaki na Ufaransa ilikuwa inajengewa shule na hospitali. Agosti 1997 Nzwani na Mwali zikatangaza kujitenga, na Nzwani ikapandisha bendera ya Ufaransa na kuomba kurudishwa. Ufaransa ikakataa. Rais Mohamed Taki Abdoulkarim akatuma askari mwezi uliofuata, wakashindwa vibaya.

Aprili 1999 mazungumzo ya Antananarivo yalitoa mapatano, wajumbe wa Nzwani hawakutia saini, na Moroni watu wa Nzwani wakaanza kushambuliwa mitaani. Mwisho wa mwezi ule Kanali Azali Assoumani akatwaa madaraka.

Urais wa zamu ulifanyaje kazi?

Ulikuwa dawa iliyotengenezwa kwa ugonjwa wenyewe, na nadhani ndilo jambo la busara zaidi ambalo wanasiasa wa nchi ile wamewahi kukubaliana. Mkataba ulitiwa saini Fomboni Februari 2001, katiba ikapitishwa Desemba mwaka huo, na nchi ikaitwa Muungano wa Komoro. Kila kisiwa kilipata uongozi wake wa ndani. Urais wa Muungano ukawa unazunguka: awamu moja Ngazija, moja Nzwani, moja Mwali. Kisiwa chenye zamu kilifanya mchujo wa kwanza kupata wagombea watatu, halafu nchi nzima ikachagua mmoja kati yao. Kwa hiyo mgombea wa Nzwani hakuweza kushinda bila kuomba kura Ngazija.

Azali alishika zamu ya Ngazija 2002–2006. Akafuata Ahmed Abdallah Mohamed Sambi wa Nzwani, makabidhiano ya kwanza ya amani kupitia uchaguzi tangu uhuru. Mwaka 2011 akaingia Ikililou Dhoinine, rais wa kwanza kutoka Mwali. Mwaka 2016 zamu ikarudi Ngazija, na Azali akachaguliwa tena. Miaka 15 bila mapinduzi, katika nchi ile, si jambo dogo.

Na sasa je?

Julai 2018 kura ya maoni iliyosusiwa na wapinzani ilibadilisha katiba. Kisiwa chenye zamu sasa kinaweza kushika awamu mbili mfululizo za miaka mitano. Zamu ya Nzwani iliyotarajiwa mwaka 2021 ikasogezwa hadi 2029. Oktoba 2018 watu wenye silaha walijichimbia ndani ya mji mkongwe wa Mutsamudu, wakapigana na jeshi kwa siku kadhaa. Azali alitangazwa mshindi mwaka 2019, na tena Januari 2024, wapinzani wakidai wizi wa kura na Moroni ikiwaka ghasia hadi serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka huo huo mwanawe, Nour El Fath, alifanywa katibu mkuu wa serikali na kupewa mamlaka makubwa.

Sambi, baada ya miaka kadhaa kizuizini, alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 kwa kosa la uhaini, kuhusu mpango wa kuuza uraia wa Komoro kwa watu wasio na uraia katika nchi za Ghuba. Mpango ule ulikuwa aibu, na fedha zake nyingi hazikuonekana. Lakini kumweka mahabusu mtu miaka yote ile kabla ya kesi nako si haki.

Muundo wa sasa ni huu: rais ndiye mkuu wa serikali, hakuna waziri mkuu, bunge lina chumba kimoja, na kila kisiwa kina gavana wa kuchaguliwa, mwenye madaraka machache kuliko walivyokuwa nayo marais wa visiwa kabla ya mabadiliko ya 2009.

Wanajeshi wa Tanzania walikwenda kufanya nini Komoro mwaka 2008?

Kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzwani, ambaye mwaka 2007 alifanya uchaguzi usiotambuliwa na akakataa kuachia madaraka. Umoja wa Afrika ulijaribu mazungumzo na vikwazo. Hatimaye, Rais Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja huo, askari wa Tanzania na Sudan walitua Nzwani pamoja na jeshi la Komoro alfajiri ya Machi 25, 2008, Libya ikisaidia usafiri. Mutsamudu ikatwaliwa siku hiyo hiyo. Bacar alitoroka kwa boti hadi Maore, akapelekwa Réunion, kisha Benin. Wapo watu wa Nzwani wanaowakumbuka wanajeshi wale kwa wema, na kwamba walisemezana nao bila mkalimani.

Kwassa-kwassa ni nini?

Ni boti nyembamba za uvuvi zenye mashine, zinazovusha watu usiku kutoka Nzwani kwenda Maore. Kabla ya 1995 mtu alipanda chombo akaenda kumtembelea shangazi. Mwaka huo Ufaransa ikaweka viza kwa Wakomoro, na safari ya kawaida ikawa kosa. Waliokufa katika mkondo huo ni maelfu, na wengi hawakuzikwa. Ni wajawazito wanaofuata hospitali, wagonjwa, watoto wanaofuata wazazi, vijana wanaofuata kazi.

Maore ikawa mkoa kamili wa Ufaransa Machi 2011. Karibu nusu ya wakazi wake hawana uraia wa Ufaransa, na wengi wa hao ni Wakomoro wa visiwa vya jirani, tena wenye damu moja na wenyeji. Aprili 2023 serikali ya Ufaransa ilianza operesheni ya kuvunja makazi ya mabati na kuwafukuza watu. Komoro ilikataa kwa muda kupokea meli za waliofukuzwa. Desemba 14, 2024 kimbunga Chido kikapita juu ya Maore, na makazi yale yale ya mabati ndiyo yaliyofagiliwa kwanza. Wapo waliosita kwenda kwenye makimbilio kwa kuogopa kukamatwa.

Nasikia mwanamume wa Ngazija haheshimiwi mpaka afanye harusi kubwa. Kweli?

Ndivyo desturi ilivyo, na inaitwa *ada*, au ndoa kuu. Mtu anaweza kuwa ameoa na ana wajukuu, lakini bila kulisha mji wake, kutoa dhahabu na kukamilisha karamu zote, katika baraza ya wazee pale *bangwe*, uwanja wa mji, anakaa nyuma na hasemi. Akishakamilisha anakuwa *mndru mdzima*, mtu mzima kwa maana yao. Nyumba ni ya mke, na ardhi ya *manyahuli* inarithiwa kwa upande wa kike. Ndio maana mwanamke wa Kingazija akigombana na mumewe, anayefungasha ni mume.

Ali Soilih alijaribu kuifuta, ikamshinda. Wengine wanasema inawafilisi vijana, na ni kweli: watu huko Marseille wanaweka akiba miaka 20 kwa ajili ya wiki mbili za sherehe. Lakini bibi yangu alikuwa akisema barabara na misikiti mingi ya kijijini kwao ilijengwa kwa michango ya ada, si kwa kodi. Mwaka uliopita nilipopita pale niliiona barabara ile.

Wanaishi kwa nini?

Kwa karafuu, vanila na mafuta ya mlangilangi, ambayo Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Manukato mengi ya Paris yanaanzia kwenye makarai ya Nzwani. Kwa uvuvi na mihogo. Na kwa kiasi kikubwa, kwa fedha za jamaa walioko Ufaransa. Sarafu ni franka ya Komoro, iliyofungwa kwenye yuro: yuro moja ni takriban franka 492, hazipandi wala hazishuki. Nchi imo katika Umoja wa Nchi za Kiarabu tangu 1993 na SADC tangu 2018.

Nikitaka kwenda, nijue nini?

Kuna ndege kutoka Dar es Salaam hadi Hahaya, kaskazini mwa Moroni, na utakaa ndani pamoja na wafanyabiashara wanaotoka Kariakoo na wagonjwa wanaorudi kutoka matibabu. Beba yuro taslimu. Vaa kwa stara, nchi ni ya Kiislamu karibu yote na ni ya madhehebu ya Shafi, kama pwani yetu. Msikiti wa zamani wa Ijumaa wa Moroni unatazama bandari, uende wakati wa alasiri mwanga unapogonga nguzo zake nyeupe. Ukitaka kupanda Karthala, tafuta mwenyeji, anza kabla ya alfajiri, na maji yako yote yabebe kutoka chini, maana njia nzima hakuna hata kijito.